Triathloni kwa Mfuko wa Mwanafunzi: Uvae Nini, Ununue Nini

Kila ninapomwalika mtu kwenye mazoezi yetu ya Jumamosi asubuhi, huniuliza bei kabla hajauliza umbali. Ameshaona kwenye simu wazungu wamevaa suti nyeusi za mpira, wamepanda baiskeli ambazo bei yake ingelipa ada ya mwaka mzima, akaamua kwamba mchezo huu si wa mtu anayesubiri bumu. Hata mimi niliamini hivyo mpaka mwaka wa pili. Naandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na pia kwa sababu kuna mahali mimi mwenyewe nilibana hela pasipobanwa, nikalipia kwa kichwa.

Kwanza tuelewane. Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, saa ikihesabu hata dakika unazohangaika na viatu. Anayeanza huanzia mbio fupi: mita 750 majini, kilomita 20 kwenye baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Ile ya Olimpiki, iliyoanza kuchezwa Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hapo. Sasa, kwenye somo la mbinu za kufundishia tunaambiwa tumtoe mwanafunzi kwenye analolijua tumpeleke kwenye asilolijua. Basi tuanze na vilivyomo kwenye begi lako.

Ile suti ya mpira isahau kabisa. Miongozo mingi ya intaneti inaiweka namba moja kwa sababu imeandikwa na watu wanaoogelea kwenye maziwa na bahari za baridi. Kazi yake ni kutunza joto la mwili, na pia inakusaidia kuelea. Bahari yetu ya Dar ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Hata mwezi wa nane, kipupwe, maji huwa nyuzi 25 hivi. Kanuni za World Triathlon kwa mbio fupi za watu wa kawaida zinapiga marufuku suti hiyo maji yakizidi nyuzi 22. Kwa hiyo hata ukipewa bure, huku kwetu hutaruhusiwa kuivaa, na ukiivaa mazoezini utachemka humo ndani kama kiazi.

Nguo utakayoingia nayo majini ndiyo utakayomalizia nayo mbio. Hakuna chumba cha kubadilishia, na kanuni hazitaki uendeshe baiskeli au ukimbie kifua wazi. Ukilielewa hilo, uchaguzi unakuwa rahisi: taiti fupi na fulana ya kubana, vyote vya poliesta au nailoni. Fulana ya pamba ni adui. Inakunywa maji, inakuwa nzito, inaning'inia, halafu ikianza kukauka na chumvi inakukwangua makwapa kama msasa. Pale Karume ukipekua kwa subira utapata taiti nzuri za michezo kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Igeuze uangalie mishono ya katikati ya mapaja: ikiwa minene, iache, maana kiti cha baiskeli kitaibonyeza hapo kwa karibu saa nzima. Zile taiti za baiskeli zenye sponji nene nazo usizinunue kwa kazi hii. Sponji ikijaa maji utakimbia kama mtoto mwenye nepi. Kabla ya kuanza, paka mafuta ya mgando shingoni, makwapani na mapajani.

Wasichana wenzangu, nawajua kadhaa ambao wangekuja lakini wanaogopa habari ya nguo. Hakuna anayekulazimisha kuvaa kichupi. Taiti ndefu, fulana ya mikono mirefu inayobana kidogo na hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi vinaogeleka vizuri, mradi visiwe na kitambaa kinachoelea. Baibui au sketi hapana. Hilo ni suala la usalama, kwa sababu nguo pana hujaa maji na kukuvuta miguu, na kwenye baiskeli huingia kwenye mnyororo. Ukijiandikisha mashindano, waulize waandaaji mapema kuhusu mavazi. Sidiria iwe ya michezo, na uifanyie majaribio ikiwa imelowa. Ikilowa hubadilika tabia.

Miwani ya kuogelea inunue mpya. Ibonyeze machoni bila kufunga mkanda wake. Ikijishikilia sekunde mbili tatu, inakukaa. Yangu ya kwanza niliipenda rangi tu, nikaogelea nusu ya njia nimefumba jicho moja. Kofia ya kuogelea iwe ya rangi kali, njano au machungwa, ili mwenzako wa ufukweni akuone. Na usiingie baharini peke yako, hata uwe unaogelea vipi.

Baiskeli: tumia uliyonayo au azima. Ya gia ni nafuu kwenye vilima, lakini nimemwona mshikaji akimaliza kilomita 20 na Phoenix ya mjomba wake, tena akitabasamu. Kabla hujaipanda, mpelekee fundi baiskeli aangalie breki zote mbili, akaze kiti, ajaze tairi upepo wa kutosha. Angalia ncha za usukani. Kama vizibo vimetoka, ziba, kwa sababu bomba lililo wazi linaweza kukutoboa ukianguka, na kwenye mashindano baiskeli ya hivyo hukataliwa.

Sasa helmeti. Mimi yangu niliinunua ya mtumba, shilingi 8,000, nikajiona mjanja. Ilikuwa safi, ina stika nzuri ya moto ubavuni. Wiki tatu baadaye, kwenye mteremko wa hosteli, nilikanyaga mchanga uliomwagika barabarani, baiskeli ikalala. Helmeti ilipasuka vipande viwili. Nilishonwa nyuzi tano juu ya sikio, nikakosa jaribio la Saikolojia ya Elimu, na mama aliponipigia simu jioni ile nilimdanganya kwamba nina malaria. Rafiki yangu alipoleta vile vipande tukabandua ile stika. Chini yake kulikuwa na ufa wa zamani, umeingia vumbi.

Yaani helmeti inafanya kazi kwa kujiumiza yenyewe. Ile povu ngumu ya ndani inabonyea ili fuvu lisipokee kishindo chote, na ikishabonyea hairudi. Iliyopigwa mara moja imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa, na sokoni huwezi kujua historia yake. Hapa nunua mpya. Ndani tafuta alama ya EN 1078, ya Ulaya, au CPSC, ya Marekani. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini ya masikio. Tikisa kichwa, isicheze. Mpya yangu ilinigharimu 45,000, nikala ugali maharage wiki mbili. Kwenye mashindano, helmeti hufungwa kabla hujaitoa baiskeli mahali pake, na haifunguliwi mpaka umeirudisha. Ukisahau, unaadhibiwa. Zoea hivyo hivyo mazoezini.

Viatu havina mengi. Tumia raba zako zilizozoea miguu, kwa baiskeli na kwa mbio. Raba mpya siku ya mashindano ni malengelenge. Kamba zitoe, weka lastiki ya cherehani ya Kariakoo, uifunge kwa kiasi ambacho mguu unaingia bila kuinama. Lastiki hiyo hiyo, pana kidogo, ifunge kiunoni kubebea namba: mgongoni ukiwa kwenye baiskeli, unaizungusha mbele ukianza kukimbia.

Soksi wengine hawavai. Mimi navaa, kwa sababu ya mchanga wa ufukweni. Kando ya baiskeli naweka kidumu cha maji cha lita moja na kitambaa kikuukuu: nasuuza miguu, napangusa katikati ya vidole, navaa, nafunga helmeti, naondoka. Mara ya mwisho nilitumia dakika mbili na nusu. Wenzangu wanasema ni nyingi, lakini mwezi uliopita mmoja wao alipaki baiskeli kilomita ya tatu ili akung'ute raba.