Kidomozi wa Kahawa: Niliyojifunza Mbozi

1. Pasua jani kabla ya kutoa hela. Doa la kahawia kwenye jani la mbuni wengi huliita kutu. Kutu huacha unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Doa la kidomozi liko juu, na ukilikunja jani, ngozi yake hupasuka: ndani wamo viwavi weupe, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, wanakula nyama ya jani.

2. Ujue kidomozi yuko hatua gani. Nondo wake ni mweupe wa kung'aa, urefu wake kama milimita 3, na hutaga juu ya jani. Afrika Mashariki wapo wawili wanaojulikana sana: Leucoptera meyricki hutawanya mayai, Leucoptera caffeina huyapanga mstari kando ya mshipa mkuu. Kiwavi akianguliwa hazururi nje. Hutoboa papo hapo na kuingia. Akishakomaa hutoka, hujishusha kwa uzi wa hariri, kisha husuka kifuko cheupe chini ya jani, mara nyingi lile lililokwisha kuanguka. Humo hugeuka pupa, na baadaye nondo. Joto huharakisha mzunguko huu, baridi huuchelewesha, na baridi ya Mbozi tunaijua.

3. Sumu ina upofu wake. Kwenye duka la pembejeo Tunduma, utaulizwa una shilingi ngapi. Hutaulizwa umeona kiwavi au nondo. Dawa inayoua kwa kugusa haimfikii aliyejificha ndani ya jani. Inawafikia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hao, na hao ndio vibarua wetu wasiodai posho. Kenya, miaka ya 1950, sumu kali zilizopulizwa kwa ajili ya wadudu wengine ziliwaua nyigu, na kidomozi akawa balaa mashambani.

4. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye kituo pale Mbimba, huhimili magonjwa ya chulebuni na kutu. Kidomozi hajali.

5. Tikisa mti asubuhi. Nondo wakiruka wengi, mayai yako njiani, na viwavi watafuata. Wakiwa wachache, huku viwavi unaowafunua wamekauka au wana vibuu vya nyigu, bomba la kupulizia libaki stoo.