KUMALIZIA MFANO WA JAHAZI: KILA KAMBA NA KAZI YAKE

Kutoka Kakamega mpaka pwani ya Mombasa ni safari ya barabara ipitayo kilomita 800, na mji wenyewe umekaa juu, kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo yaweza kuonekana ajabu kumfundisha mtu wa Kakamega namna ya kumalizia mfano wa jahazi. Lakini ufundi wa mbao si mgeni katika nchi hiyo ya msitu. Wala tanga la mshazari si geni, kwa maana mtu akishuka Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi, akafika ufuko wa Dunga, huona mashua za wavuvi zenye tanga la jamii moja na lile litumikalo Lamu na Unguja. Basi kijana mwenye kisu kikali, vipande vya mbao na saburi aweza kufanya mfano mzuri sawasawa na kijana wa pwani, maadamu aelewe anachokifanya.

Mafunzo haya yahusu kazi ya mwisho, yaani ile ifanywayo baada ya mwili wa chombo kuchongwa. Wengi wakisha kuchonga mwili hudhani kazi imekwisha. Husimamisha kijiti, hubandika kitambaa, hupaka rangi nyekundu, na kufunga nyuzi popote zipendezapo. Kitu hicho chafaa kwa mtoto kukichezea, lakini si mfano. Mfano hueleza kweli ya kitu kikubwa kwa njia ya kitu kidogo, na kweli hiyo imo hasa katika mambo madogo ya mwisho.

KWA NINI MAMBO MADOGO YANA MAANA

Katika visiwa vya Lamu palikuwa zamani na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi. Tanga lake lilikuwa la mraba, tena lilisukwa kwa majani kama mkeka, na omo yake ilitokeza mbele kama shingo ya ngamia. Vyombo vya kushonwa vilijulikana katika pwani hii tangu kale, kwani kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, chavitaja. Hata hivyo, katika karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Mwaka 1941 Mwingereza James Hornell alichapisha maelezo juu yake, lakini wakati huo chombo chenyewe kilikuwa karibu kuwa hadithi.

Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mpya huko Unguja, ukaitwa Shungwaya, nao ukawekwa ndani ya jumba la Beit el-Ajaib. Wajenzi hawakuwa na mtepe mzima wa zamani wa kupimia. Iliwapasa kutegemea picha, maandishi, na mifano midogo iliyohifadhiwa. Afikiri basi kila mwenye kuchonga: kama fundi wa mfano mmojawapo angalifunga kamba mahali pasipo pake kwa sababu ya uzuri tu, kosa lake lingaliweza kuingia katika chombo kikubwa baada ya miaka mingi, wala asingalikuwapo mzee wa kulisahihisha. Mfano wa kweli ni shahidi, na shahidi hatakiwi kuongeza maneno.

KIPIMO

Kabla ya kuongeza kitu chochote, hapana budi kujua kipimo. Tuseme jahazi lenyewe lina urefu wa mita 15, na mfano una urefu wa sentimita 50. Basi kila sentimita 1 ya mfano ni sentimita 30 za jahazi. Kwa hesabu hiyo kamba yenye unene wa sentimita 3 huwa uzi wa milimita 1. Ubao wenye unene wa sentimita 5 haufiki milimita 2. Na mtu mwenye kimo cha sentimita 170 hana hata sentimita 6.

Kosa la kawaida ni kutumia vitu vinene kupita kiasi. Msumari mdogo wenye kichwa cha milimita 5, ukipigwa katika mfano huu, ni sawa na kupiga katika jahazi msumari wenye kichwa cha sentimita 15, mpana kama kisahani cha chai. Afadhali kutumia gundi, na kuonyesha vichwa vya misumari kwa nukta za kalamu ya risasi.

Iko njia rahisi ya kujihakikishia. Fundi na akate mtu wa karatasi ngumu mwenye kimo cha sentimita 5 na nusu au zaidi kidogo, amsimamishe ndani ya chombo. Je, mtu huyo aweza kuifikia kana ya usukani? Aweza kupita chini ya tanga? Ngazi zamfaa miguu yake? Mtu wa karatasi huonyesha upesi makosa ambayo jicho la fundi limekwisha kuyazoea.

MSASA, MSTARI WA MAJI NA RANGI

Mwili wa chombo usuguliwe mpaka alama za kisu zisionekane. Asiye na karatasi ya msasa ya dukani aweza kutumia majani makavu ya mti uitwao msasa, ambao ndio uliotoa jina hilo. Mti huo ni wa jamii ya mikuyu, nao humea hata katika msitu wa Kakamega.

Katika majahazi ya kale, upande wa chini uliozama majini ulipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ili kuzuia maji na wadudu watobao mbao. Kwa hiyo sehemu hiyo ilikuwa nyeupe. Mbao za juu zilipakwa mafuta ya samaki yaitwayo sifa, zikawa na rangi ya kahawia iliyokolea. Mpaka wa rangi hizo mbili wapasa kunyoka. Ili kuuchora, chombo kikazwe juu ya meza iliyo sawa kisitikisike. Kisha kalamu ya risasi ifungwe juu ya kipande cha mbao chenye kimo kinachotakiwa, na kipande hicho kisukumwe mezani kuzunguka chombo chote. Kalamu yenyewe itachora mstari.

Rangi ipakwe mara mbili, nyembamba, na kusuguliwa kidogo katikati, wala si mara moja kwa wingi. Kazi hii imalizike kabla ya kusimamisha mlingoti. Vanishi ya kung'aa haifai, maana jahazi ni chombo cha kazi, wala halimetameti kama kabati jipya.

MLINGOTI NA FOROMALI

Mlingoti wa jahazi huinama kidogo kuelekea omo. Anayeusimamisha wima kabisa, au akauinamisha nyuma kama milingoti mingi ya meli za Ulaya, amekwisha kulibadili kabila la chombo chake.

Foromali ni mti mrefu unaobeba tanga. Aghalabu urefu wake hupita ule wa mlingoti, na kwa kuwa si rahisi kupata mti mmoja mrefu hivyo, hufanywa kwa vipande viwili au zaidi vilivyolazwa pamoja na kufungwa kwa kamba. Mwanzi uliopasuliwa wafaa sana kwa kazi hii. Vipande vichongwe vikawa vyembamba kwenye ncha, vikutanishwe katikati, na kufungwa kwa uzi mahali kadha. Mafungo hayo yaonekane. Si aibu ya kufichwa, bali ndiyo nguvu ya foromali.

TANGA

Kwa mbali tanga la jahazi huonekana kuwa na pembe tatu. Ukilikaribia, katika majahazi mengi utaona kwamba ncha ya mbele imekatwa, hata tanga likawa na pande nne, ule wa mbele ukiwa mfupi sana. Tanga la pembe tatu kamili ni la vyombo vidogo kama ng'alawa.

Kitambaa kiwe chembamba na kikuukuu, kama shati lililofuliwa mara nyingi, kwa kuwa kipya hukakamaa. Kikichovywa katika chai ya rangi, na kukaushwa kivulini, hupoteza weupe wa dukani. Tanga la kweli halishonwi kwa kitambaa kimoja, bali kwa vipande virefu. Ikiwa kila kipande kilikuwa na upana wa sentimita 75, basi katika mfano mishono itakuwa mbali kwa sentimita 2 na nusu, nayo ifuate upande wa nyuma wa tanga. Mwisho, pindo lote lishonewe uzi mnene kidogo. Huo ndio dasi, kamba izuiayo tanga lisipasuliwe na upepo.

KAMBA

Katika sehemu hii mtu hupimwa ufundi wake. Nyuzi za katani hupatikana kila mahali. Zipitishwe katika nta ya nyuki ili manyoya yake yalale, kwa sababu unyoya mdogo wa uzi, ukizidishwa mara 30, ni kama kichaka juu ya kamba. Kila kamba iwekwe kwa kazi yake:

Kwanza ni henza, kamba nene ya kupandishia foromali, ipitayo juu ya mlingoti. Jarari ni kamba nyembamba zaidi ipitayo katika gofia, nayo huwapunguzia mabaharia uzito wa kuvuta.

Pili ni hamarawi, ziituliazo foromali isiyumbe.

Tatu ni goshi, ifungayo pembe ya mbele ya tanga, na demani, ishikayo pembe ya nyuma. Demani ndiyo ikazwayo au kulegezwa kwa kadiri ya upepo.

Nne ni kamba za kuushikilia mlingoti. Hapa wengi hupotea, kwa sababu wameona picha za meli za Ulaya zenye ngazi za kamba pande zote mbili. Jahazi halina ngazi hizo. Chombo kigeuzapo tanga, foromali husimamishwa karibu wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na kamba za mlingoti huhamishiwa upande utokao upepo. Kwa hiyo pasiwe na kitu kilichofungwa daima mbele ya mlingoti cha kuizuia foromali isipite.

Kamba zikisha fungwa, zijaribiwe kabla ya kutia gundi. Henza ikivutwa, foromali ipande, ikilegezwa, ishuke. Demani ikivutwa, tanga likaze. Kamba isiyofanya kazi yoyote na ikatwe, hata kama inapendeza.

VITU VYA NDANI

Majahazi mengi hayana sitaha nzima. Katikati huachwa wazi kwa shehena. Mfano upewe vitu vichache ambavyo mabaharia hawawezi kuishi bila hivyo: pipa la maji, sanduku lenye mchanga la kuwashia moto wa kupikia, nanga ya makucha manne, na kamba ya nanga iliyokunjwa vizuri karibu na omo. Kwa shehena, boriti zafaa, kwani majahazi ya Lamu yalizichukua kwa wingi kutoka mikokoni. Boriti yenye unene wa sentimita 10 huwa kijiti cha milimita 3 na kidogo. Vijiti vya namna moja vikatwe na kufungwa mafungu mafungu.

Mapambo huja mwisho kabisa. Vyombo vingi vya Lamu vina macho, yaani vibao vya mviringo vilivyopakwa rangi, kimoja kila upande wa omo. Yawekwe kwa kimo kimoja, nayo yatazame mbele. Watu wa ziwani nao walikuwa na desturi zao. Mitumbwi mikubwa ya Waganda na ya visiwa vya Sese ilishonwa kama mtepe, na omo yake ndefu ilipambwa kwa pembe za wanyama. Mwenye kupenda kufanya mfano wa chombo hicho badala ya jahazi asichanganye. Macho ya Lamu yabaki Lamu, na pembe za Sese zibaki Sese.

KUPIMA NA KUANDIKA

Asiyeweza kufika pwani asikate tamaa. Aende Dunga na utepe wa kupimia na daftari, aombe ruhusa kwa mwenye mashua, apime urefu, upana, mlingoti na foromali, achore mahali pa kila kamba, na kuuliza jina lake na kazi yake kwa wavuvi wenyewe. Mfano wa mashua ya Dunga iliyopimwa ni bora kuliko mfano wa jahazi lililobuniwa.

Chombo kikisha simama juu ya kibao chake, ibaki kazi moja, nayo ni fupi. Chini ya kibao yaandikwe kwa wino: aina ya chombo, kipimo chake, mwaka wa kutengenezwa, na mahali ambapo fundi aliviona vitu alivyovifanya. Kama kiko kitu alichokisia tu bila kukiona, akiandike pia. Mistari hiyo minne au mitano haitaonekana na wageni watakaousifu mfano mezani. Itasomwa na yule ambaye siku moja ataugeuza kwa kuwa anataka kujenga chombo chenyewe.