Nyumba ya Mnada Kwenye Simu: Tuhakiki Nini Kabla ya Kutuma Fedha?

Wakazi wa Pugu hawahitaji kufundishwa mnada ni nini. Pale Pugu Mnadani mnunuzi humzunguka ng'ombe, humtazama meno na kwato, na huuliza ametoka wapi. Lakini mtu huyo huyo akipata kwenye simu tangazo la nyumba ya rehani, lenye picha mbili na bei ya kuanzia, huweza kushawishika kutuma fedha kabla hajafika kwenye nyumba yenyewe. Katika vikundi vya VICOBA na SACCOS jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu fedha inayotumwa ni akiba ya mama lishe, ya fundi na ya dereva wa bodaboda kwa pamoja.

Tuanze na mkopaji, kwa kuwa wanunuzi wengi humruka. Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa siku zisizopungua 14, kwa Kiswahili na Kiingereza, na tangazo litaje jina la mwenye mali na mahali anapoishi. Kwa hiyo tangazo linalosema tu "nyumba nzuri Pugu, mali ya mdaiwa wa benki" lina upungufu tangu mwanzo. Tuombe jina kamili, kisha tulilinganishe na jina lililo kwenye hati. Yakitofautiana, huenda hakuna udanganyifu: mara nyingi anayekopa ni mfanyabiashara, na nyumba imewekwa rehani na ndugu aliyemdhamini. Hata hivyo lazima tuonyeshwe mkataba wa rehani wenye saini ya mwenye nyumba. Kama mkopaji ni kampuni, wakurugenzi wake na madeni yaliyosajiliwa hutafutwa BRELA. Kama mwenye hati amefariki, tuulize habari za mirathi na msimamizi wake.

Halafu kuna suala la ndoa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na marekebisho ya mwaka 2008 yalimtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mwombaji ana mume au mke. Kesi za wake wanaosema hawakushirikishwa si ngeni katika mahakama zetu. Tuulize pia kama mdaiwa alipewa notisi ya siku 60 ya kumtaka alipe. Kuhusu kesi, hukumu na amri nyingi za mahakama husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Tutafute jina la mkopaji, la benki na la dalali. Kukosa jina hapo si uthibitisho kwamba hakuna zuio, ila kulipata kunatuokoa mapema.

Sasa mali yenyewe. Kitu cha kwanza ni kujua ni karatasi ya aina gani, maana kila karatasi ina ofisi yake. Nyumba yenye hati miliki hufanyiwa upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kwa kutumia namba ya hati, kiwanja na kitalu. Upekuzi huonyesha mmiliki, rehani zilizosajiliwa na vizuizi vilivyowekwa. Leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, ina muda maalumu na hushughulikiwa na halmashauri. Anayeitafuta kwa Msajili atarudi mikono mitupu na kudhani nyumba haina deni. Na sehemu nyingi za Pugu hazina hiki wala kile, bali hati ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne ndio daftari lenyewe.

Tuangalie hata mihuri. Pugu ipo Wilaya ya Ilala, na tangu Februari 2021 Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Waraka wa mwaka 2023 wenye muhuri wa "Manispaa ya Ilala" unastahili kuulizwa maswali.

Tufike kwenye nyumba mchana, na tuzungumze na wanaoishi humo. Wapangaji wana mikataba yao, na wakati mwingine mkopaji mwenyewe bado amelala chumba cha mbele na wala hajui kuna mnada. Tuhakikishe eneo haliingii katika msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao umewahi kuvamiwa, wala katika hifadhi ya reli. Tuulize deni la kodi ya ardhi.

Bei ndogo mno nayo ni taarifa. Sheria ya Ardhi inamtaka anayeuza rehani atafute bei bora. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa kuwa ameukiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuomba mahakama ibatilishe mauzo. Sheria humlinda mnunuzi, lakini si yule aliyejua kuwa kuna udanganyifu.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki inayouza, baada ya tawi lenyewe kuthibitisha kwamba limemtuma dalali huyo. Namba ya simu ya mtu binafsi tuikatae, hata kama anasema muda unakwisha. Katika minada ya kutekeleza hukumu, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15, kwa hiyo kikundi kisicho na salio hilo kisinyooshe mkono.

Kazi ya kikundi: chukueni tangazo moja lililowafikia mwezi huu. Gawaneni, mmoja aende kwa Msajili au halmashauri, wa pili serikali ya mtaa, wa tatu benki. Mkikutana tena, andikeni ni swali gani halikupata jibu, na ni nani aliyekataa kulijibu.