Mshale wa Presha: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mashine za Boti

Nimeendesha na kutengeneza spidi boti Lamu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, ukitoa miaka minne niliyokaa Mutrah, Oman, nikifungua mashine za wavuvi. Ninazozizungumzia hapa ni zile kubwa zinazofungwa tezini, V6 za nguvu ya farasi 150 hadi 250. Hazina radieta. Zinachota maji ya bahari, zinayapitisha kwenye silinda na kuyatema. Ukiwa safarini, hali ya maji hayo unaijua kwa kigeji kidogo cha presha karibu na usukani, na mimi kigeji hicho kilinidanganya mara nyingi kabla sijajifunza lugha yake.

1. Presha ikipanda, usifurahi

Siku moja tulitoka Lamu na abiria tisa kwenda Kizingitini, mashine mbili za 200. Ya kulia nilikuwa nimeibadilishia pampu wiki ileile. Kwenye mizunguko 4,500 kwa dakika, mshale wa kushoto ulikaa psi 14, wa kulia 21. Nikajipongeza. Nikamwambia hata baharia wangu, "Umeiona pampu mpya ile?" Hatujafika mbali, alamu ikalia na mashine ya kulia ikajipunguza kasi yenyewe. Tuliingia Kizingitini kwa mashine moja, abiria wamenyamaza kimya cha watu wanaoihesabu nauli waliyolipa.

Nilipofungua nikakuta themostati imeshikwa na chumvi, haifunguki, na tundu la maji nyuma yake limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Pampu yangu mpya ilikuwa inasukuma kwa bidii maji yasiyokuwa na pa kutokea.

Chukua mpira wa kumwagilia maua, uzibe mdomo wake nusu kwa kidole gumba. Ndani ya mpira presha imepanda, lakini ndoo inachelewa kujaa. Geji inapima kilichomo ndani ya mpira. Injini inapozwa na kile kinachofika kwenye ndoo. Tangu siku ile, presha ikishuka naanza kutafuta upande ambako maji hayajafika kwenye geji: matundu ya kuingilia, impela (gurudumu la mabawa ya mpira ndani ya pampu), mpira uliopasuka. Ikipanda bila sababu, natafuta mbele ya geji, kwenye njia ya kutokea. Nikiwa na geji ya joto pembeni, najua kwa dakika moja. Presha juu na joto juu, njia imeziba.

2. Andika namba mashine ikiwa nzima

Kila kijana anayenipigia simu huanza hivi: "Fundi, mashine yangu presha kumi, ni nzuri?" Namuuliza, mizunguko mingapi? Imeshapata moto au ndiyo kwanza umeiwasha? Hajui. Presha ya psi 3 mashine ikiwa inanguruma tu gatini ni kawaida kabisa. Hiyohiyo psi 3 kwenye mizunguko 5,000 ni maafa. Na mashine mbili za kampuni moja, za mwaka mmoja, hazisomi sawa.

Nina daftari la shule la kurasa 96 lililojaa mafuta. Kila mashine ina ukurasa wake: presha bila gia, kwenye 2,000, kwenye 3,500, kwenye 5,000, zote mashine ikiwa moto na themostati imefunguka. Namba za fundi mwingine hazinisaidii kitu.

3. Ukiinua mashine, umeinua na mdomo wake

Tajiri mmoja wa boti alitaka kuwapita wenzake. Alikuwa ameona picha za boti za mashindano ambazo propela inafanya kazi karibu na uso wa maji, mguu wa mashine hauburutwi chini. Si uongo, mguu ukipanda mkokoto unapungua. Akataka niinue tundu moja kwenye bao la tezi, kama milimita 19. Boti ikaenda kwelikweli. Akataka la pili.

Matundu ya kuchotea maji yako ubavuni mwa mguu. Tulipokata kona kali karibu na Shela, nikaona mshale unaanguka kutoka 15 hadi karibu na sifuri, ukapanda, ukaanguka tena. Mguu ulikuwa unavuta hewa na povu. Pampu ya mpira haistahimili kukaukiwa. Maji ndiyo kilainishi chake, na sekunde chache tu bila maji zinatosha kuanza kuichoma. Nilirudisha tundu moja chini. Tajiri alinuna, akanilipa nusu, nusu nyingine naisubiri hadi leo.

4. Maji nayo huzidi

Hili Lamu nisingelijua. Nilipokuwa Oman nilikwenda Sharjah kutazama mashindano ya boti za Formula 1 kwenye khori ya Khalid, boti zinazopita kilomita 200 kwa saa. Niliyefuatana naye ni fundi mzee Mwomani, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kikinishinda mimi mwenye pwani. Nilimwita Ami. Nikamuuliza, kwa kasi hiyo maji wanayapataje? Akacheka. "Mwanangu, wewe unayatafuta. Hawa wanayakimbia."

Akachukua kalamu. Mashine za mbio huwekewa mdomo wa kuchotea mbele kabisa, puani mwa mguu, chini, ili zikiinuliwa zisikose maji. Lakini mdomo huo unayapiga maji uso kwa uso, na kasi ya boti yenyewe inakuwa pampu. Kwa hesabu ya darasani, kwenye kilomita 50 kwa saa msukumo huo unafika kama psi 14. Kwenye 100 si 28, ni kama 57. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Njiani unapotea mwingi, lakini unaobaki unatosha kung'oa mipira na kupasua gaskiti. Ndiyo sababu mashine za aina hiyo huwekewa valvu ya kumwaga maji ya ziada kabla hayajafika kwenye injini.

Kuna na ubaya wa pili, wa kimyakimya. Maji mengi mno yanaiacha silinda baridi wakati pistoni ya aluminiamu imeshapata moto na kuvimba. Pistoni inakwama kwenye silinda baridi, na mwenye boti anaapa kwamba mashine "haikuchemka." Anasema kweli.

5. Mashine kutema maji si cheti cha afya

Ule uzi wa maji unaotoka ubavuni, ambao sote tunautazama tukiwasha, ni tawi dogo tu la mfumo. Tundu lake likizibwa na mchanga, mashine inaweza kuwa salama salimini. Na uzi huo unaweza kutoka vizuri huku silinda moja inaungua. Chomeka waya mwembamba uzibue, kisha tazama geji.

6. Mkanda, mchanga, na viroba

Anayepita mlango wa Mkanda maji yakiwa yametoka anajua: propela inachora tope, maji nyuma yanageuka chai ya maziwa. Mchanga ule unapita kwenye pampu kama msasa. Lakini chembe inayonisumbua zaidi ni ile inayokaa kwenye kiti cha valvu ya presha. Valvu hiyo ina springi. Mizunguko ikipanda presha inaisukuma, inafunguka, maji yanaizunguka themostati yakaongeze ubaridi. Chembe moja ya mchanga ikiizuia kufunga, mwendo mdogo presha inakuwa hafifu na mashine haipati joto lake, inatetemeka gatini. Wengi hubadilisha impela, wakabadilisha tena, na chembe ikabaki palepale.

Mifuko ya plastiki ilikuwa balaa, inanaswa kwenye matundu ya maji kama gundi. Tangu Kenya iipige marufuku Agosti 2017 naitoa mara chache. Sasa ni nyuzi za viroba vya mchele. Zikijisokota kwenye mguu, kisu ndiyo dawa.

7. Hesabu mabawa

Impela ikivunjika usitupe tu na kuweka mpya. Ile niliyoitoa mwezi uliopita ilikuwa na mabawa sita, kwenye bakuli tulikuwa na manne na kipande. Kijana wangu akasema, "Fundi, hayo mengine si yameshatemwa?" Hayatemwi. Tuliyakuta kwenye bomba la shaba linalopandisha maji, moja limekunjika kama ganda la tende.

8. Maji matamu, kila jioni

Maji ya bahari yakipashwa moto sana huacha ukoko, kama birika. Ndiyo sababu themostati za mashine hizi hufunguka mapema, kwenye nyuzi 50 hadi 60, si 80 na kitu kama za gari. Hata hivyo bila kuoshwa na maji matamu ukoko utakuja. Maji yetu Lamu yanatoka visima vya chini ya matuta ya mchanga ya Shela, si mengi, na mke wangu ana maoni yake kuhusu madumu ninayoyamwagia chuma. Namwonyesha daftari.

Leo ukurasa wa mashine ya kushoto unasema: Januari, mizunguko 3,500, psi 12. Jana, mizunguko ileile, psi 10, joto halijabadilika. Abiria hawajahisi kitu. Jumamosi bamvua litatoa maji mbali. Boti nitaiacha ikae mchangani, niushushe mguu.