Punguza Uzito Bila Kujitesa kwa Njaa
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Izia, Sumbawanga

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mama aliyeambiwa kliniki kwamba presha imepanda na apunguze uzito, naye kuanzia siku hiyo akawa anashinda na maji ya limao na tango hadi jioni. Ni cha baba mwenye kisukari aliyeacha kula usiku lakini anaendelea kumeza dawa zake zote. Ni cha binti aliyetumiwa kwenye simu ratiba ya "kalori 500 kwa siku" na anataka kupungua kabla ya harusi ya dada yake. Ni cha mpishi wa nyumba pia, kwa sababu nyumbani kwetu sufuria ni moja na wote tunakula humo.

Tunataka mlisome pamoja jambo hili: ukijipangia chakula kidogo kupita kiasi unauumiza mwili, na mara nyingi kilo ulizozipoteza zitarudi. Uzito unaopungua na kubaki hapo hutokana na kubadilisha mapishi ya nyumba nzima, kidogo kidogo, bila mtu kulala na njaa.

KWA NINI TUNALIZUNGUMZA HAPA RUKWA

Mkoa wetu unalisha nchi. Mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti vinatoka hapa Ufipa, mpunga unapanda kutoka Bonde la Rukwa, na migebuka na dagaa wanaletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa 2015–16 ulikuwa umekuta asilimia 56.3. Utafiti huohuo wa 2015–16 ulionyesha kuwa nchini kote, wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi.

Mambo haya mawili hukaa chini ya paa moja. Ugali ni mwingi, mboga ni kijiko kimoja, maharage yanaliwa mara chache, chai ina sukari nyingi. Mtoto anakosa protini, vitamini na madini ya kukua. Mtu mzima anapata wanga, sukari na mafuta kupita kazi anayoifanya. Mama akianza kujinyima na kupika kidogo kwa ajili ya "dayati" yake, mtoto ndiye wa kwanza kuumia. Akiongeza maharage, mboga na matunda, akapunguza sukari na mafuta, wote wawili wanafaidika.

KALORI NI NINI

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unaipata kwenye chakula. Mwanamke mzima anahitaji takribani kalori 2,000 kwa siku, mwanamume takribani 2,500. Anayelima kwa jembe la mkono, anayebeba maji au kufyatua matofali anahitaji zaidi.

Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Kwa hiyo mtu anayejipangia kalori 500 amejipa unga usiofika gramu 140 kwa siku nzima, bila mboga, bila maharage, bila chai. Anayejipangia kalori 800 amejipa kama gramu 220. Hakuna anayeweza kuinua matuta shambani kwa chakula hicho. Moyo, ubongo, ini na figo pia vinahitaji nguvu usiku na mchana, hata ukiwa umelala.

MWILI HUFANYA NINI UKINYIMWA

Wiki ya kwanza mizani hufurahisha. Kilo 2 au 3 zinaondoka, na mtu anaamini amepata dawa. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya wanga huo hukaa na takribani gramu 3 za maji. Wanga ukiisha, maji hutoka nao. Siku utakapokula kama kawaida, yanarudi.

Baada ya hapo mwili huanza kubana matumizi, kama kaya inavyopunguza kipimo cha unga ikiona kihenge kinaisha na mavuno bado yako mbali. Unachoma nguvu kidogo kuliko mwanzo. Unavunja misuli ili upate chakula. Mikono na miguu inakuwa ya baridi, jambo ambalo mtu wa Sumbawanga atalisikia vizuri mwezi wa sita na wa saba. Na mwili unadai chakula kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1944 na 1945 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Ancel Keys, waliwapa vijana 36 wa kiume waliojitolea takribani kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi hata wakati wa joto, wakawa wakali na wenye huzuni, na mchana kutwa waliwaza chakula tu. Hawa walikuwa vijana wenye afya nzuri, wasio na unene, na kiasi hicho kwao kilikuwa njaa kamili. Hii inaonyesha kwamba hakuna namba moja ya kalori inayomfaa kila mtu. Inategemea mwili wako na kazi yako.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na watu hao walisikia njaa zaidi kuliko kabla hawajaanza.

Basi ukijikuta saa nne usiku umefunua sufuria na kula ugali wa baridi baada ya kushinda na tango, usijiite mlafi wala mvivu. Mwili umefanya kazi yake ya kukulinda. Kilichokosewa ni ratiba.

MADHARA YA KULA KIDOGO SANA

• Kizunguzungu, kichwa kuuma, choo kigumu, usingizi kukatika na hasira za haraka.
• Nywele kukatika na hedhi kuvurugika au kukoma.
• Upungufu wa damu na kudhoofika kwa misuli na mifupa.
• Mawe kwenye kifuko cha nyongo. Hutokea zaidi kwa wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki.
• Mapigo ya moyo kuvurugika. Miaka ya 1970 makumi ya watu walikufa Marekani wakiishi kwa vinywaji vya protini vyenye kalori chache sana.
• Sukari kushuka ghafla kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi.

"LAKINI NIMESIKIA KUNA WALIOPONA KISUKARI KWA KALORI 800"

Umesikia sawa, na ni haki yako kuelezwa yote. Uingereza ulifanyika utafiti wa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao waliishi kwa vinywaji maalumu vyenye takribani kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 wa kundi hilo walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa.

Angalia walivyofanya. Vinywaji vile vilikuwa na vitamini na madini yaliyopimwa. Wahudumu ndio waliosimamisha dawa za kisukari na presha siku ya kwanza, wakaendelea kuwapima mara kwa mara. Chakula kilirudishwa polepole kwa mpango. Hiyo ni tiba inayosimamiwa na wataalamu. Tango na maji ya limao nyumbani, huku dawa za sukari zikimezwa kama kawaida, ni hatari.

WASIOPASWA KABISA KUJINYIMA CHAKULA

• Mjamzito. Uzito wake hupangwa na kliniki ya mama na mtoto.
• Anayenyonyesha. Anahitaji takribani kalori 500 za ziada kila siku.
• Mtoto na kijana anayekua.
• Mzee aliyedhoofika.
• Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au ini, hadi aongee na daktari.
• Anayetumia dawa za TB au ARV. Kama dawa zimekuongezea uzito, mweleze mhudumu wako. Usiache dawa.
• Aliyewahi kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha ili apungue.

Na mtu anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, homa au jasho la usiku, asipongezwe. Apelekwe akapimwe.

JE, UNAHITAJI KUPUNGUA?

Pima kwanza. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mfano: kilo 80, urefu mita 1.60. 1.60 mara 1.60 ni 2.56. 80 kugawa kwa 2.56 ni kama 31. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida. 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na zaidi ni unene uliokithiri.

Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume sentimita 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda.

Usijiwekee lengo la kurudi ulivyokuwa na miaka 18. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, presha na sukari huanza kuwa nzuri. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Kilo moja ndiyo ya juu. Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku wala mwanamume chini ya 1,500 bila usimamizi wa mtaalamu.

NJIA SALAMA: PUNGUZA 500, USIBAKI NA 500

Ukiondoa takribani kalori 500 kwenye unachokula sasa, mwili unapungua bila kupiga kelele. Tazama zinavyopatikana:

• Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vinne vya sukari kila kimoja: weka kijiko kimoja kimoja. Umeokoa kalori kama 150.
• Soda moja: badala yake kunywa maji. Umeokoa kama 150.
• Mafuta kwenye mboga yako: kutoka vijiko viwili vya chakula hadi kimoja. Umeokoa kama 120. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.
• Ugali wa mchana: punguza kipande kidogo, ujazie nafasi yake kwa maharage na mboga. Umeokoa kama 100.

Hapo umefika 500 na hujaruka mlo hata mmoja. Pombe nayo ihesabiwe, iwe ya ulezi au ya chupa. Ina kalori nyingi na huleta hamu ya kula.

SIKU MOJA YA KULA VIZURI

Kiasi hiki ni takribani kalori 1,500 hadi 1,600, kwa mwanamke mwenye uzito uliozidi na kazi za wastani. Mwanamume, au yeyote anayelima kutwa, aongeze.

Asubuhi: uji wa ulezi usio na sukari au wenye kijiko kimoja, yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu moja.

Mchana: ugali wa unga gramu 100, kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa, majani ya maboga au chainizi nusu ya sahani.

Jioni: viazi mviringo vitatu vya kuchemsha, dagaa kiganja kimoja, mboga tena, nusu parachichi.

Watoto wale chakula hichohicho, na washibe. Wao wasipunguziwe. Uji wao uongezwe karanga zilizosagwa au maziwa, wapate na samaki au yai.

Tembea angalau dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kama unalima, jembe limekwisha kukufanyia kazi hiyo. Kama unakaa dukani au unasafiri kwa bodaboda, tafuta njia ya kutembea.

MANENO YANAYOSEMWA NYUMBANI

Kumwita mtu "bonge" mbele ya wageni hakumpunguzii hata gramu. Humfanya ale kwa kujificha. Kumwambia aliyeanza kupungua "umekonda, unaumwa nini?" humrudisha nyuma, kwa kuwa kwetu kukonda huhusishwa na ugonjwa. Mume na amsaidie mke kwa kula mboga ileile na kutodai chakula chake cha pembeni. Mama mkwe na asikasirike mkwewe akipunguza mafuta kwenye sufuria. Ukimwona kijana anakula kwa siri usiku, anakwenda chooni kutapika kila baada ya mlo, au anaogopa chakula, keti naye kwa upole na umpeleke kwa mhudumu wa afya. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

CHAI NA VIDONGE VYA KUPUNGUZA TUMBO

Chai nyingi za "kukata tumbo" zina majani ya sena, ambayo huharisha. Unapoteza maji na chumvi muhimu za mwili, mafuta yanabaki. Vidonge vingine vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Usinunue dawa isiyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, hata kama anayekuuzia ni jirani.

NENDA KITUO CHA AFYA MARA MOJA UKIONA

• Umezirai, au moyo unakwenda mbio na kurukaruka.
• Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, au macho kuwa ya njano.
• Mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho au anachanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari papo hapo, kisha mpeleke. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.
• Umekaa siku tano au zaidi karibu bila chakula. Usianze kwa mlo mkubwa. Chakula kirudishwe chini ya uangalizi wa daktari.
• Hedhi imekosekana miezi mitatu na huna mimba.

ANZENI WIKI HII

Leo, pimeni kiuno na uzito, mwandike kwenye daftari la nyumba. Kesho, wekeni kijiko cha kupimia mafuta jikoni na mkubaliane juu ya sukari ya chai. Wiki ikiisha pimeni tena, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Mwenye presha, kisukari au mimba aende na daftari hilo kituoni, amwombe mhudumu amkutanishe na afisa lishe kabla ya kubadilisha chochote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita mtaani kwenu, mkaribisheni ndani, mwonyesheni sufuria na sahani zenu, na mwulizeni bila aibu.