Udongo si Mboga: Amri kwa Mjamzito wa Ibadakuli na Wanaoishi Naye

Nawaandikia wajawazito wa Ibadakuli, hapa Shinyanga, na wale waliotoka hapa wakawafuata waume zao Mwakitolyo, Nyarugusu na machimbo mengine ya dhahabu. Nawaandikia pia waume na mama wakwe, maana mara nyingi wao ndio wanaoamua kinachofika kwenye sahani ya mjamzito.

Usile udongo. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalofichwa kuliko yote. Pemba, vile vijiti vya udongo mkavu, huuzwa kwa mafungu kando ya nyanya na dagaa kana kwamba navyo ni chakula. Watafiti waliwahoji wajawazito 340 katika eneo la wachimbaji wadogo wa Geita, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014: karibu nusu walikiri kuula. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na arseniki, kromiamu na nikeli. Wapo wanaosema bibi zao waliula na hawakudhurika. Nani aliwapima damu hao bibi?

Hamu ya udongo mara nyingi huja damu inapopungua. Ukishafika tumboni, udongo hushikamana na madini ya chuma ya chakula chako na kuyazuia yasiingie mwilini. Kwa hiyo unaula kwa sababu damu imepungua, na damu inazidi kupungua kwa sababu unaula. Nenda kliniki useme waziwazi, "nakula udongo," na uombe kupimwa wingi wa damu. Na wewe muuguzi, usimfokee mbele ya wenzake. Aliyefokewa leo, mwezi ujao atakuficha. Mdomo ukidai kitu, mpe embe bichi lililooshwa au ubuyu usiotiwa rangi.

Usikae mahali dhahabu inapochomwa. Baba, hapa nasema na wewe. Zebaki ikipata moto hupaa kama mvuke usioonekana wala kunuka. Mkeo akiivuta, inapita kwenye kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaojengeka. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki wa ghuba ile. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na baadaye ulizua jambo lililowashangaza madaktari: kulikuwa na akina mama walioonekana wazima, lakini watoto waliowazaa walikuwa wameharibika ubongo. Zebaki ya kule ilipitia kwenye samaki, ya machimboni hupitia hewani na mikononi, lakini anayeumia zaidi ni yuleyule aliye tumboni.

Basi usichome dhahabu jikoni, hata mara moja, hata mvua ikinyesha. Karai lililoshika zebaki lisirudi kwenye vyombo vya chakula. Nguo za kazi zivuliwe nje, na asizifue mjamzito. Mama, usikande mchanga wenye zebaki kwa mikono yako, hata kama ujira ni mzuri. Tafuta kazi nyingine mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha.

Ongeza mlo. Achana na wanaokuambia ule kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akakusumbua kutoka. Mtoto mdogo kupita kiasi ana hatari zake, na mama aliyeishiwa nguvu huchoka kabla ya uchungu kwisha. Kula milo yako yote na uongeze mmoja juu yake.

Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni urithi wetu na vinashibisha, lakini michembe kwa chai ya rangi tupu si mlo wa mjamzito. Weka karanga, au maziwa, au choroko. Ukipanda viazi, tenga matuta ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa ajili ya vitamini A. Dagaa waoshe mchanga uishe, uwale na mifupa yao, kwani humo mna kalsiamu ya kujenga mifupa ya mwanao. Kiangazi mboga zikiadimika, nsansa, yaani mboga ya majani makavu, na mlenda mkavu vinafaa sana, ila majani yakaushwe kivulini, maana jua kali huunguza vitamini.

Karanga zenye ukungu tupa. Usizikaange ukadhani umeua sumukuvu. Moto wa jikoni hauiondoi. Maziwa ya ng'ombe chemsha kwanza, ndipo uyagandishe. Chumvi iwe yenye madini joto.

Kula mayai. Mtoto hazaliwi bila nywele kwa sababu mama yake alikula yai. Mama mkwe, kuku wako wanataga: mpe.

Usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma. Subiri saa moja au mbili.

Meza vidonge vya damu kila siku. Vikikuchefua, meza usiku baada ya kula, pamoja na chungwa. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma kile. Kuanzia mwezi wa nne utapewa kliniki vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Vimeze palepale, isipokuwa muuguzi akuambie hali yako haiviruhusu. Chandarua ulichopewa kilalie wewe. Kisifunike vifaranga.

Usiguse pombe. Gongo, wanzuki, bia, vyote ni vilevile kwa mtoto.

Usinywe dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Akupaye anakupenda, sina shaka. Lakini hajui kipimo, na uchungu uliochochewa bila kipimo unaweza kupasua mfuko wa uzazi. Nikiulizwa ni desturi ipi ningeifuta Shinyanga yote kwa usiku mmoja, ningeitaja hii.

Anza kliniki mapema, kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Usisubiri tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani linataka mahudhurio yasiyopungua 8.

Weka akiba ya nauli na namba ya simu ya mwenye bajaji anayeamka usiku. Ukiona damu, chupa ya maji ikipasuka kabla ya wakati, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, uso ukivimba, degedege likikupata au mtoto akiacha kucheza, nenda hospitali saa ileile. Mume akiwa machimboni na simu yake haipatikani, usingoje ruhusa yake. Jirani yeyote akupeleke.