Mama mkwe amenuna kwa sababu ya taulo

"Nimeolewa miaka minne sasa na tunaishi kwa mama mkwe wangu hapa Masinga. Tuko watu sita. Nyumba nzima ina taulo moja, na wembe mmoja unaokaa juu ya dirisha. Mume wangu ananyolea ndevu, mama mkwe anakatia kucha, na watoto wananyolewa nywele kwa wembe huo huo. Mwezi uliopita kifungua mimba wangu alishikwa na mapunye kichwani, nami nikaanza kuwashwa usiku. Nikanunua taulo langu, mswaki wangu na wembe wangu, nikatenga pia sahani na kikombe. Tangu siku hiyo mama mkwe hanisemeshi. Amewaambia majirani kwamba nimekuja na madharau ya Nairobi, kwamba namwona mchafu. Mume wangu amenyamaza. Je, nimekosea?" – Mke wa Masinga

Amekosea nusu. Kwa wembe, mswaki na taulo, mke huyu ana haki, wala asirudi nyuma. Kwa sahani na kikombe, mwenye haki ni mama mkwe, na yawezekana kilichomuuma ni hicho kikombe, taulo likabebeshwa lawama tu.

Wembe ndio wenye hatari kubwa kuliko vyote, japo ndio uliotajwa kwa upole zaidi katika barua. Ndevu hazinyolewi bila ngozi kukwaruzwa, na kucha hazikatwi kwa wembe bila siku moja kidole kuchanika. Damu isiyoonekana kwa macho inatosha kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, na virusi hivyo vinaweza kukaa nje ya mwili wa mtu siku 7 au zaidi vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Juu ya dirisha ni mahali pazuri pa kuvisubirisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa kudumu, na wengi wao hawajijui. Mtu hulima ndengu zake, huenda sokoni, huchangia harusi, na kumbe ini linaharibika polepole kwa miaka.

Sasa hapa kuna jambo ambalo huenda halijafika masikioni mwa mama mkwe. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hii ya ini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama kadi za kliniki za wajukuu zimejaa, wajukuu wana kinga. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo, mama mkwe akiwamo, hawakuipata utotoni. Kwa hiyo, upande wa homa ya ini, anayehatarishwa zaidi na ule wembe ni susu, yaani bibi wa watoto, mwenyewe. Mke aliyenunua wembe wake amemkinga mama mkwe wake bila kujua, naye amelipwa kwa kununiwa.

Wala somo hili si geni kwa wazee wa Ukambani. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini kilitambuliwa mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zilikataa wembe mmoja upite kwa vijana wengi siku ya kutahiriwa. Kila kijana aende na wake. Hakuna aliyesema kwamba mzazi aliyenunua wembe wa pili anawadharau wenzake. Susu wa umri huo anayakumbuka hayo vizuri kuliko mkaza mwanawe, na akikumbushwa kwa heshima atayasimulia yeye mwenyewe.

Kuhusu kuwashwa usiku, safu hii haina darubini wala haitibu kwa barua, lakini mwasho unaozidi mtu akishaingia kitandani ni dalili inayojulikana ya upele. Kimelea cha upele huchimba ndani ya ngozi, na nje ya mwili huweza kuishi siku 2 hadi 3, muda unaotosha kabisa kwa taulo moja kuzunguka watu sita. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, kwa hiyo asiyejikuna leo asijione salama. Dawa ya kupaka ipo, ila wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, pamoja na mume anayenyamaza. Akipakwa mmoja, watano watamrudishia.

Mapunye ya mtoto nayo yasiachiwe mafuta ya dukani. Fangasi huyo hukaa ndani ya mzizi wa nywele, mahali ambapo mafuta hayafiki, kwa hiyo mtoto huhitaji dawa ya kumeza itakayoandikwa hospitalini. Wakati huo kitana, kofia na wembe alivyotumia visipite kwa ndugu zake. Na kinyozi wa sokoni asafishe mashine kabla ya kichwa kinachofuata. Mteja ana haki ya kumwambia hivyo hata kama foleni ni ndefu.

Kama kuna anayedhani taulo ni kitu kidogo, awaulize watu wa Pwani. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa, na ng'ambo ya mpaka Dar es Salaam nayo ikawa katika hali hiyo hiyo. Wataalamu wa afya walihimiza mambo mawili ya kawaida kabisa: watu wanawe mikono, na wasichangie taulo wala leso za kufutia uso.

Atakayesema taulo sita zinataka maji mengi hakosei. Masinga ina bwawa lililokamilika mwaka 1981, ziwa la takriban kilomita 120 za mraba linalozungusha mitambo ya umeme, na bado zipo boma zinazohesabu mitungi. Lakini hapahitajiki taulo nene za hoteli. Leso iliyochakaa ikikatwa vipande viwili hukausha mtu vizuri, hufuliwa kwa maji kidogo, na jua la Masinga huikausha kabla ya saa sita. Kila mtu awe na rangi yake na msumari wake ukutani.

Turudi kwenye sahani na kikombe. Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa kula chungu kimoja, wala virusi vya UKIMWI havipiti kwenye kikombe. Upele na mapunye havikai kwenye sufuria ya muthokoi. Vyombo vikioshwa kwa maji na sabuni, yatosha. Isitoshe, nchini Kenya kikombe kilichotengwa kina historia yake: katika miaka ya 1990 wagonjwa wengi wa UKIMWI walipewa kikombe chao na sahani yao kando, wakafa wakivitazama. Mwanamke wa umri wa susu alishuhudia hayo. Alipoona kikombe kimoja kimewekwa peke yake ndani ya nyumba yake, hakuona usafi. Aliona hukumu.

Basi mume aache kunyamaza, kwa maana maneno ya namna hii kwa mama humtoka mwanawe, hayamtoki mkaza mwana. Anunue nyembe na miswaki, apate na leso za rangi tofauti, mama achague rangi yake kwanza. Kisha familia nzima ifike hospitali ya serikali, mwasho na mapunye vitazamwe, na watu wazima waulize kuhusu kipimo na chanjo ya homa ya ini. Na kabla ya yote hayo, leo jioni, mke akirudishe kile kikombe kabatini pamoja na vingine, amtilie mama mkwe chai humo.